Jinsi ya kuhudhuria kongamano la wafasiri na kurudi na kazi

Mfasiri aliyeajiriwa akienda kwenye kongamano, ofisi inamlipia nauli, hoteli na posho. Wewe unayejitegemea unalipa kila kitu mfukoni mwako, na siku ulizokaa ukumbini hujatafsiri hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo nasema mapema ninachokiamini: usiende kutafuta wateja, nenda kutafuta wafasiri wenzako. Kazi zangu nzuri zimetoka kwao. Mmoja amezidiwa, mwingine ameletewa kazi isiyo ya fani yake, mwingine ameulizwa na kampuni, "Unamfahamu mtu wa Kiswahili anayeaminika?"

Hatua ya 1: Chagua kongamano

Makongamano hayafanani. La Chama cha Wafasiri cha Marekani, ATA, hufanyika kila mwaka, hukusanya watu zaidi ya elfu moja, na kampuni za tafsiri huweka meza zao kwenye ukumbi wa maonyesho. Shirikisho la Kimataifa la Wafasiri, FIT, lililoanzishwa Paris mwaka 1953, huitisha mkutano wa dunia kwa kawaida kila baada ya miaka mitatu. Wa 2025 ulikuwa Geneva. Kongamano la BP, lililoanza Budapest mwaka 2014, linawalenga hasa wafasiri wa kujitegemea. Kongamano la CHAUKIDU, yaani Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, nalo huwakutanisha wapenzi wa Kiswahili kutoka pande zote za dunia, ingawa mada nyingi ni za walimu na watafiti.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anzia karibu: Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi. Wengi huyapuuza makongamano ya nyumbani kwa kuwa wanaona watakutana na washindani watupu. Mimi naona kinyume chake. Chukua mfano wa fomu ya ridhaa ya majaribio ya dawa, ile anayosaini mtu anayekubali kushiriki. Mfasiri wa kwanza anaitafsiri kwa Kiswahili, wa pili anairudisha kwenye Kiingereza bila kuiona ya awali, kisha mtu analinganisha. Mara nyingi kuna mhariri pia. Hao wote ni watu wa Kiswahili na Kiingereza kama wewe, na kampuni ikiwa na mmoja tu humwuliza huyo huyo awataje wengine. Usipofahamika kwa wenzako, hutatajwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa maneno

Jumlisha ada ya usajili, nauli, malazi, chakula na viza. Gawanya kwa bei yako ya neno moja. Tuseme safari ni dola 900 na unatoza dola 0.06 kwa neno: hayo ni maneno 15,000, siku sita hadi saba na nusu za kazi kwa mtu anayetafsiri maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Ongeza siku ambazo hutafanya kazi. Ukiona hesabu ni nzito, angalia punguzo la kujisajili mapema na la wanachama, au omba kutoa mada, maana makongamano mengine huwapunguzia ada watoa mada. Tunza risiti zote.

Hatua ya 3: Shughulikia viza mapema

Hapa ndipo sisi tunaojitegemea tunapokwama, kwa sababu hatuna barua ya mwajiri. Andaa taarifa za benki, ankara ulizolipwa, cheti cha TIN (kwa Kenya, PIN ya KRA), uthibitisho wa kodi na barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji. Kwa nchi za Schengen unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Omba barua ya mwaliko siku ile ile unayolipia usajili.

Hatua ya 4: Soma ratiba, kisha waandikie watu

Chagua mada mbili au tatu kwa siku, basi. Anayekimbia chumba hadi chumba hazungumzi na mtu. Wiki mbili kabla, waandikie watu watano unaotaka kukutana nao, mistari mitatu tu: wewe nani, umevutiwa na nini katika kazi yao, na ungependa mnywe chai siku gani.

Hatua ya 5: Jitambulishe kwa sentensi moja

"Natafsiri Kiingereza na Kiswahili, kila aina ya kazi." Sentensi hiyo haikumbukwi na yeyote. Linganisha na hii: "Natafsiri kwa Kiswahili maelezo kwa wagonjwa na fomu za ridhaa, na nimezoea istilahi za kifua kikuu na malaria." Aliyeisikia anajua siku gani akupigie. Iandike, isome kwa sauti, ipunguze mpaka uitamke kwa pumzi moja. Ukiwa na fani mbili, taja ile unayotaka kazi zake ziongezeke.

Hatua ya 6: Ukumbini

Usikae na uliosafiri nao. Kila mlo kaa meza nyingine, na anza kwa kuuliza: unafanya kazi za nani, unatumia programu gani, kazi ipi huwa unaikataa? Swali hilo la mwisho ni la dhahabu, kwa kuwa kazi anazozikataa yeye huenda ndizo zako. Mkiachana, andika nyuma ya kadi yake mlichozungumza na ulichomwahidi. Fanya hivyo hapo hapo, jioni majina huchanganyika.

Suala la bei lina adabu yake. Marekani vyama vya taaluma vinabanwa na sheria za ushindani, na ATA ina sera inayokataza kukubaliana bei kwenye shughuli zake. Ukisimama katikati ya mkutano ukauliza, "Jamani, tutoze kiasi gani?" watu watanyamaza.

Na siri za wateja zibaki siri. Usifungue kompyuta kumwonyesha mtu tafsiri ya mteja wako, hata kama jina limefichwa. Anayekutazama anajiuliza utafanya nini na kazi zake.

Hatua ya 7: Andika ndani ya wiki moja

Usitume wasifu kwa kila uliyekutana naye. Timiza kwanza ulichoahidi. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo Mwalimu. Ni mimi tuliyekaa meza moja chakula cha mchana siku ya pili, tukazungumzia istilahi za bima ya afya. Ile orodha niliyokuahidi nimeiambatisha. Ukizidiwa na kazi za afya kwenda Kiswahili, niko tayari kusaidia, na nahariri pia."

Usiongeze neno. Wengine watakaa kimya miezi, hilo ni la kawaida. Wakati huo, ikikujia kazi isiyo ya fani yako, ya mikataba kwa mfano, mpe mteja jina la yule wa sheria uliyekutana naye, kisha umjulishe mwenzako kwamba umemtaja.