Jinsi ya kutumia 48/80 kupima dawa ya mwasho labu, kwa nyie mlioko Mwanza

Wakuu, hapa Mwanza hawakosekanagi madogo wa project wenye majani ambayo bibi zao kule Ukerewe wanayapondaga kwa ajili ya mwasho, supavaiza anamwambia kapime na 48/80, basi, anaachwa hapo hapo. Hii ni ya kwao.

48/80 ni kemikali ya kutengenezwa, inatokana na kuunganisha formaldehaidi na amini moja yenye jina refu ambalo hutalihitaji. Cha kushika ni kwamba sio molekuli moja, ni vipande vya urefu tofauti vimechanganyikana, kwa iyo achana na hesabu za moli, pima kwa maikrogramu kwa mililita na uandike namba ya bachi kwenye daftari. William Paton aliieleza mwaka 1951 kwamba inamwagisha histamini (kemikali ya mwili inayoleta mwasho) balaa, na 1953 Riley na West wakaonyesha hiyo histamini inakaa kwenye seli za masti, yaani seli za kinga zilizojaa vidonge vidogo vya histamini. Kazi yake mpaka leo ndo hiyo, ukiiweka tu seli za masti zinatapika.

Kabla ya kununua chochote angalia una seli gani, hapa ndo hela za watu zinapopotelea. RBL-2H3 (seli za panya za kukuzwa labu) ambazo kila mtu anazo haziitikii 48/80 vizuri, utakaa unaongeza dozi na hakuna kitu. Zinazoitikia ni seli za masti kutoka tumboni kwa panya wakubwa wa labu, au LAD2, seli za masti za binadamu za kukuzwa labu, kama kuna mtu wa kukugawia. Za panya unahitaji kibali cha kamati ya maadili mkononi, sio "nimeshaomba".

Unga upime umevaa glovu na barakoa, na asije mtu akajipaka mkononi aone kama inawasha, inawasha. Miligramu 1 kwenye mililita 1 ya maji yaliyochujwa (sio ya bomba), gawanya kwenye vichupa vidogo, gandisha, na kila kichupa kikishayeyuka kitumie siku hiyo. Siku ya kazi punguza mara 100 upate maikrogramu 10 kwa mililita, alafu chukua maikrolita 20 weka kwenye maikrolita 180 za seli, hapo una maikrogramu 1 kwa mililita. Usijaribu kupipeti maikrolita 2 za ile kali, mkono utakudanganya. Anza na maikrogramu 0.1 mpaka 10 kwa mililita uone seli zako zinamwaga wapi vizuri bila kufika kileleni, ukikaa kileleni hata dawa nzuri itaonekana haina nguvu.

Mpangilio wenyewe: seli kwenye bafa ya Tyrode (maji ya chumvi na glukosi), dondoo ya majani dakika 15 hivi kwenye 37°C, alafu 48/80, dakika 10, alafu barafu haraka. Barafu hata ile ya samaki ya Mwaloni Kirumba inafaa ila ibaki nje ya chupa jamani, ina magamba. Zungusha taratibu kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Kama huna mashine ya kupima histamini pima beta-heksosaminidesi, kimeng'enya kinachotoka kwenye vidonge vile vile: maikrolita 50 za maji ya juu na 50 za pNAG (kitu ambacho kimeng'enya hicho kinakikata kinatoa rangi) ya milimoli 1 kwa lita kwenye bafa ya sitreti pH 4.5, saa moja kwenye 37°C, malizia na kaboneti ya pH 10, inageuka njano, soma nanomita 405 kwenye elaiza rida (mashine ya kusoma rangi kwenye pleti) ambayo hospitali nyingi wanayo.

Sasa kontroo, usiruke hata moja. Seli bila kitu, seli zilizopasuliwa na sabuni ya labu Triton X-100 (hiyo ndo jumla yako, 100%), seli na 48/80 tupu. Alafu za dondoo yenyewe: dondoo bila seli, maana majani yana rangi na 405 inasoma hiyo njano ya majani kama kawaida; dondoo iliyowekwa baada ya kupasua seli, kuona kama inaua kimeng'enya tu; na tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, maana seli zilizokufa hazizuiliki na chochote, zinavuja. Ukipata 5% bila kitu, 45% na 48/80, na 25% ukiongeza dondoo, kizuizi ni 20 gawanya kwa 40, yaani 50%.

Dawa ya kulinganishia kwa seli za panya ni kromoglikati, dawa inayozuia seli za masti kumwaga, iweke karibu pamoja na 48/80 maana ukiiacha muda mrefu kabla nguvu inashuka. Piriton (ya aleji) sio ya hapa, yenyewe inaziba risepta ya H1 histamini ikishamwagwa.

Kama umeme ukikatika na rida haisomi, weka tone kwenye slaidi na toluidini bluu. Seli iliyotulia ni duara imejaa vidonge vya zambarau, kingo kali kabisa, iliyomwaga kingo zake zimechakaa na vidonge vimezagaa pembeni kama punje za mtama. Hesabu 100 bila kujua slaidi ni ya kundi gani.

Sasa usije ukaandika "dondoo inatibu aleji". 48/80 haipiti kwenye IgE (kingamwili ya aleji), inapita risepta nyingine ambayo kundi la Xinzhong Dong lilionyesha mwaka 2015, MRGPRX2 kwa binadamu na MrgprB2 kwa panya wadogo, mlango huo huo unaotumiwa na antibayotiki ya sipro na baadhi ya dawa za kulegeza misuli. Mtu anayevimba kwa kula kamba au karanga anavimba kwa IgE. Kwa iyo andika "inapunguza umwagaji uliosababishwa na 48/80", alafu kama hela ipo hizo RBL-2H3 zako ndo zinapata kazi, maana zenyewe zinaitikia kupitia IgE: zilaze na IgE ya kupambana na DNP (kemikali ndogo) usiku mzima, kesho yake weka DNP-HSA, yaani DNP iliyobandikwa kwenye protini, rudia mpangilio ule ule na dondoo ile ile.