Somo: Kuongeza kurasa zako mwenyewe kwenye tovuti ya Moodle

Tovuti ikishasimama, swali la kwanza huwa lile lile: "Kuhusu sisi" niiweke wapi? Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, imejengwa kwa ajili ya kozi, tangu toleo la 1.0 la mwaka 2002, kwa hiyo usitafute kitufe cha kuongeza ukurasa nje ya kozi. Ila ukurasa wa mwanzo wa tovuti nao, kwa ndani, ni kozi. Hapo ndipo pa kupitia, na huhitaji kugusa msimbo wala kusakinisha chochote.

Hatua ya 1. Ingia kama msimamizi, fungua ukurasa wa mwanzo, washa hali ya kuhariri. Ongeza nyenzo ya aina ya Ukurasa. Usipoona pa kuongezea, nenda kwenye mipangilio ya ukurasa wa mwanzo uwashe sehemu ya mada. Andika jina na maudhui. Picha zipakie kupitia kihariri chenyewe. Ukiiunganisha picha kutoka tovuti ya mtu, siku akiifuta nawe huna.

Hatua ya 2. Hifadhi, fungua ukurasa, kisha tazama anwani yake. Inaishia hivi:

/mod/page/view.php?id=27

Hiyo namba ichunge sana. Ukiufuta ukurasa na kuutengeneza upya, utapewa namba nyingine hata kama jina na maneno ni yale yale, na kila kiungo ulichokwisha kukisambaza kitakufa. Kukiwa na kosa, hariri humo humo.

Hatua ya 3. Sasa menyu ya juu. Katika usimamizi wa tovuti, upande wa mwonekano, kwenye mipangilio ya mandhari (sura ya tovuti) kuna kisanduku cha menyu maalumu. Kila mstari ni kipengele kimoja, na kistari mwanzoni hukifanya kiwe chini ya kilichotangulia:

Kuhusu
-Sisi ni nani|/mod/page/view.php?id=27
-Walimu|/mod/page/view.php?id=28
Msaada|/mod/page/view.php?id=29

Anza anwani na mkwaju (/), usiandike jina la tovuti. Siku ukihamia kikoa kipya, yaani jina jipya la tovuti, menyu haitakusumbua.

Hatua ya 4. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ujaribu kama mgeni. Wengi huruka hapa kwa sababu msimamizi huona kila kitu, akadhani na wengine wanaona.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nikijaribu kama mgeni, napelekwa kwenye fomu ya kuingia. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Kwenye mipangilio ya usalama wa tovuti kuna kipengele kinacholazimisha kila mtu aingie kwanza. Ukikizima, ukurasa wa mwanzo utaonekana na yeyote, lakini kozi hubaki na masharti yake ya kuingia. Kama taasisi haitaki kukizima, ndipo programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea Moodle) ya local_staticpage inapofaa: unapakia faili za HTML, na unaweza kuruhusu zisomwe bila kuingia. Mimi naiacha mpaka nibanwe, maana kila programu-jalizi ni kitu kingine cha kusasisha.

Swali: Nimeweka kiungo kwenye "Kuhusu" yenyewe, lakini nikibonyeza inashusha orodha tu.

Jibu: Ndivyo ilivyo, ndugu. Kipengele chenye watoto, yaani vingine chini yake, hakihitaji kiungo. Kazi yake ni kufungua orodha. Ule ukurasa uufanye mtoto wa kwanza.

Swali: Wanafunzi wetu wengine wanatumia Kiingereza. Naweza kuwa na menyu mbili?

Jibu: Menyu ni ile ile moja, ongeza tu msimbo wa lugha mwishoni mwa mstari:

Msaada|/mod/page/view.php?id=29||sw
Help|/mod/page/view.php?id=30||en

Angalia mikwaju wima (|) miwili kabla ya lugha. Katikati yake ni nafasi ya maelezo yanayotokea kipanya kikipita juu. Ukiusahau mmoja, "sw" itasomwa kama maelezo.

Swali: Na sera ya faragha niiweke hivi hivi?

Jibu: Kama ni ya kusomwa tu, sawa. Kama watumiaji wanatakiwa kuikubali, hapana: ukurasa wa kawaida hauwezi kukuonyesha nani amekubali toleo lipi. Tumia zana ya sera iliyomo ndani ya Moodle tangu toleo la 3.5 la mwaka 2018.