Kuruka saa 8 za simulesheni kwa force na release

Jamaa wa Kibosho aliniomba kidhibiti cha maji ya migomba: valvu ikae wazi kwa muda wa saa 8, kisha ijifunge yenyewe. Nimekiandika kwa Verilog, lugha ya kueleza saketi za kidijitali, na nakijaribu kwanza kwa simulesheni kwenye kompyuta. Saa ya saketi inapiga mara 12,000,000 kwa sekunde. Kaunta ya gawanyo inahesabu mapigo ya kila sekunde moja, na kaunta ya sekunde inahesabu hadi 28,800, yaani saa 8. Zidisha uone: mapigo 345,600,000,000. Laptop yangu hapa Moshi haimalizi simulesheni hiyo kabla umeme haujakatika.

Hapo ndipo natumia force, amri ya kulazimisha thamani ndani ya saketi wakati wa simulesheni; release ndiyo inayoiachia. Wengi wanaikataza, na wana hoja: inapenya ndani ya moduli bila kupitia mlangoni, kwa hiyo ukibadilisha jina la rejista (sehemu ya saketi inayotunza thamani, kama kaunta), jaribio linakufa. Mimi naitumia, ila kwenye faili la majaribio tu.

Hatua ya 1. Sogeza kaunta zote mbili hadi ukingoni, saa ya saketi ikiwa inashuka kutoka 1 kwenda 0:

@(negedge saa);
force kidhibiti.gawanyo = 24'd11999990;
force kidhibiti.sekunde = 15'd28799;

Hatua ya 2. Subiri pigo moja, halafu achia:

@(negedge saa);
release kidhibiti.gawanyo;
release kidhibiti.sekunde;

Rejista ikiachiwa hubaki na thamani uliyoilazimisha mpaka saketi iiandike upya, ndiyo maana hesabu inaendelea kutoka hapo. Waya haiko hivyo. Ukiiachia, papo hapo inarudi kwa kinachoiendesha.

Hatua ya 3. Mapigo 10, kisha kagua:

repeat (10) @(posedge saa);
#1 if (kidhibiti.valvu !== 1'b0) $display("valvu haijafunga");

Usipunguze ile !== iwe !=. Valvu ikiwa x (thamani isiyojulikana), != nayo inatoa x, if inaichukulia kuwa si kweli, na kosa linapita kimyakimya.

Mara ya kwanza nililazimisha valvu yenyewe iwe 0 nikasahau kuiachia. Jaribio likafaulu, nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Kumbe nilikuwa nasoma sifuri yangu mwenyewe! Kwenye bodi, yaani saketi halisi, maji hayakukata. Tangu siku hiyo nalazimisha kaunta tu, na kabla ya kuendesha nahesabu: kila force na release yake.