Jinsi ya kuonyesha kazi ya kalsiamu katika ushikamano wa seli za epithelia

Seli za epithelia, yaani zile zinazofunika nyuso za mwili na za viungo vyake, hushikana ubavu kwa ubavu kwa viungio vya aina kadhaa vyenye mpangilio maalumu. Karibu na uso wa juu wa seli kuna viungio vya kubana, ambavyo huzuia umajimaji kupenya katikati ya seli. Chini yake kuna viungio vya kadherini (protini zinazoshikanisha seli na seli), ambavyo kwa ndani vimefungwa kwenye nyuzi za aktini. Kisha kuna desmosomu, viungio vyenye umbo la vidoa, ambazo hushikiliwa na nyuzi za keratini. Jaribio ninaloeleza hapa linatenganisha seli kwa kuondoa kalsiamu tu, kisha linazirudisha pamoja. Kwa mwanafunzi anayeanza kusoma ushikamano wa seli, sijui jaribio lenye kufundisha zaidi.

Hatua ya 1: Otesha tabaka la seli

Tumia seli za MDCK, ambazo asili yake ni figo ya mbwa na ambazo Madin na Darby walizianzisha mwaka 1958. Zipande juu ya vipande vyembamba vya kioo, katika kioevu cha kuoteshea chenye kalsiamu ya kawaida, yaani takriban milimoli 1.8 kwa lita, kwenye nyuzijoto 37 na hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Tabaka likishajifunga pasipo mwanya, liache siku moja au mbili zaidi, kisha lifanyie kazi. Usilicheleweshe sana, kwa sababu tabaka linapokaa siku nyingi desmosomu zake hukomaa na kuacha kutegemea kalsiamu, na hapo seli zitagoma kuachana hata ukifuata maelekezo yote.

Hatua ya 2: Tengeneza kioevu cha EGTA

EGTA ni kemikali ambayo hunasa kalsiamu kwa nguvu kubwa kuliko inavyonasa magnesiamu, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua badala ya EDTA, ambayo huondoa zote mbili. Integrini, protini ambazo huzishikiza seli kwenye sakafu ya chombo, zinahitaji magnesiamu. Ukiiacha magnesiamu mahali pake, utavunja ushikamano wa seli kwa seli huku seli zikibaki zimeshika kioo. EGTA haiyeyuki vizuri katika maji matupu, kwa hiyo ongeza sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo hadi pH ifike karibu na 8. Kisha ichanganye kwenye kioevu cha kuoteshea hadi kufikia milimoli 4 kwa lita na urekebishe pH iwe 7.4. Marekebisho haya si ya kupuuzwa: EGTA inaponasa kalsiamu huachia asidi, na katika asidi uwezo wake wa kunasa hushuka.

Hatua ya 3: Ondoa kalsiamu na uangalie

Suuza tabaka kwa upole kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, weka kioevu cha EGTA, kisha uangalie kwa hadubini kila baada ya dakika chache kwa muda wa nusu saa. Usiharakishe hatua hii. Mwanzoni mipaka kati ya seli, iliyokuwa hafifu kiasi cha kutoonekana vizuri, huanza kung'aa. Baadaye hutokea nyufa ndogo pale seli tatu zinapokutana, nyufa hizo hurefuka, na kila seli hujikunja na kuwa ya mviringo. Kinachotokea ni kwamba sehemu ya kadherini-E (kadherini ya seli za epithelia) iliyo nje ya seli ina vipande vitano vilivyofuatana, na kalsiamu hukaa katika maungio yao na kuifanya molekuli nzima iwe ngumu. Kalsiamu ikitoka, molekuli hulegea na haiwezi tena kushikana na mwenzake wa seli jirani. Viungio vya kubana na desmosomu navyo hufuata kuachia.

Hatua ya 4: Rudisha kalsiamu

Ondoa EGTA, suuza, na uweke kioevu cha kawaida. Seli huanza kugusana upya ndani ya dakika chache, ila uwezo wa tabaka kuzuia umajimaji huchukua saa kadhaa kurejea. Zikaze seli za vipande vya kioo kwa kemikali kwa nyakati tofauti na uzipake kingamwili zinazoshika na kuonyesha kadherini-E: mstari uliokatikakatika kwenye mipaka ya seli utaonekana ukiungana hatua kwa hatua.

Hatua ya 5: Weka ulinganisho

Katika chombo kimoja, rudisha kalsiamu pamoja na kingamwili inayoziba kadherini-E. Seli zisipojenga upya viungio vyake, hata vile vya kubana, utakuwa umeonyesha kwamba kalsiamu hufanya kazi kupitia protini hiyo, na kwamba viungio vingine huitegemea itangulie.

Ulinganisho wa pili unatokana na ugunduzi wa Masatoshi Takeichi wa mwaka 1977. Chukua matabaka mawili mapya, uyatie tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, moja likiwa na kalsiamu na jingine likiwa na EGTA. Penye kalsiamu, kadherini-E haikatwi na kimeng'enya hicho, na seli hung'oka kwenye kioo zikiwa mafungu. Pasipo kalsiamu hukatwa, na seli hutoka mojamoja. Seli hizi za pili hazitashikana mara tu zinaporudishiwa kalsiamu, kwa kuwa ni lazima kwanza zitengeneze kadherini mpya.