Jinsi ya kupeleka habari kwenye grupu la ukoo bila kuumiza mtu

Ukoo wetu umetapakaa Tanga, Dar, Mombasa, Muscat mpaka Toronto, kwa hiyo habari zote zinapita WhatsApp. Kwanza kabisa, na hapa nakazia jamani, msiba usiuandike kwenye grupu kabla hujawapigia wahusika, anza na mtoto mkubwa wa marehemu, halafu baba wakubwa na mashangazi, na kama kuna bibi anaishi peke yake tafuta jirani aende akakae naye ndo apewe habari. Mtu kujua kafiwa na dada yake kwa kuona "poleni sana" ya binamu kwenye simu, hilo halisahauliki.

Ukiandika, andika kamili: nani kafariki, mtoto wa nani, msiba uko kwa nani, mazishi lini na wapi. Saa taja na mchana au usiku, maana "saa 7" kwa walioko nje inaweza kueleweka asubuhi, na Muscat wako mbele yetu kwa saa 1.

Mtoto akizaliwa msubiri mama aseme mwenyewe. Matokeo ya fom foo vilevile, muulize kijana kwanza.

Wazee wasiosoma vizuri warekodie voisi fupi, jitambulishe: "Shikamoo bibi, ni mimi wa Mwanaidi, dada kajifungua salama, wa kike". Michango ifungulie grupu lake, habari zisije zikazama kwenye listi ya waliotuma M-Pesa.