Kubadilisha kalkilateri ya injini kwenye Toyota ya zamani: tafuta kwanza kilichoiua

Kalkilateri ya injini, yaani kompyuta inayoongoza injini, ni nadra kufa yenyewe. Kwenye Toyota za miaka ya 1990 zinazozunguka Goma, yaani Corolla, Carina, Ipsum au RAV4 ya kwanza, kinachoiua mara nyingi ni umeme uliozidi, maji, au kifaa kilichopiga shoti mwisho wa waya. Ukifunga nyingine ya okazyo, yaani iliyotumika, huku sababu ingali palepale, nayo itaungua, wakati mwingine mara tu unapoweka kontakti, yaani unapozungusha ufunguo kabla ya stata. Kufungua na kufunga ni kazi ya nusu saa. Kupima ndiko kunakula muda, na ndiko kunakookoa pesa ya mwenye gari.

Anza na taa ya injini kwenye dashibodi. Weka kontakti bila kupiga stata: taa lazima iwake. Ikiwaka, kisha ikazimika injini inapowaka, kalkilateri iko hai, na tatizo lako huenda liko kwenye bujia (plagi), pampu ya esansi (petroli), distributa, au maji yaliyoingia kwenye tanki pamoja na esansi ya bidoni uliyonunua kwa kadafi, muuzaji wa kando ya barabara. Gari nyingi zimefungwa kalkilateri mpya kwa kosa la esansi chafu.

Taa isipowaka kabisa, usiihukumu bado. Angalia balbu yenyewe, fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza esansi), relei kuu ya EFI, na masi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma. Halafu kuna waya mmoja ambao mafundi wengi huusahau, ule wa volti 5 ulioandikwa VC. Huo hulisha kapteri (sensa) ya kipepeo cha hewa, TPS, na kapteri ya presha ya hewa inayoingia injini, MAP. Moja ikipiga shoti ndani yake, inashusha volti 5 hadi karibu sifuri na kalkilateri nzima inanyamaza kana kwamba imekufa. Chomoa kapteri moja baada ya nyingine huku kontakti ikiwa imewekwa. Taa ikirudi, nunua kapteri hiyo na uiache kalkilateri mahali pake.

Taa ikiwaka, soma kodi, yaani namba za makosa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka kontakti, hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa haraka kwa mfululizo mmoja bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Mipepeso miwili, pumziko fupi, kisha miwili tena ni 22, kapteri ya joto la maji. 31 ni MAP au kipima hewa, 41 ni TPS, 14 ni ishara ya moto wa bujia ambayo hairudi kwenye kalkilateri. Kodi 14 ndiyo inayopoteza watu zaidi, kwa sababu moduli ya moto (kifaa kinachoamuru cheche za bujia) iliyokufa inatoa kodi hiyohiyo. Jaribu moduli kwanza.

Kwa gari zenye soketi ya skana, kuna jambo la hapa kwetu. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kontakti ikiwa imewekwa na injini imezimwa, kapteri ya MAP nzima itasoma karibu kilopaskali 84 au 85. Vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za pwani vinataja 101, basi fundi anaona 85 na kusema kapteri imekufa, au kalkilateri haijui kusoma. Zote mbili ni nzima.

Sasa pima kwenye soketi ya kalkilateri yenyewe ikiwa bado imechomekwa, ukiingiza ncha nyembamba ya multimeta kwa nyuma ya waya. Pini ya BATT lazima iwe na volti za betri hata kontakti ikitolewa. +B ipate volti 12 kontakti inapowekwa. VC itoe volti 5. Kwa masi usitumie ohm, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja tu utasoma vizuri kwa ohm lakini hauwezi kubeba mzigo. Weka multimeta kwenye volti, ncha moja kwenye E1 na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, kisha mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2, safisha masi zinapofungwa kwenye injini na uanze kupima upya. Volti 12 zikifika, masi ikiwa safi, kapteri zote zimechomolewa na VC bado haitoi volti 5, hapo kalkilateri imekufa kweli.

Kabla ya kununua nyingine, tafuta muuaji. Washa injini kama inawaka, pima betri: 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikipita 15, regileta ya alternateri imeharibika na itaua kalkilateri ijayo. Muulize mwenye gari maswali matatu bila kumlaumu: gari iliamshwa kwa betri za lori la volti 24? Kuna mtu aliyetoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili kupima alternateri? Gari ilichomelewa chasi au bodi bila kutoa betri? Barabara zetu za mawe ya volkeno zinapasua bodi, na kuchomelea ni kazi ya kila siku, hivyo swali la tatu mara nyingi linajibiwa ndiyo. Desturi ya kutoa kichwa cha betri injini ikiunguruma inafaa kuachwa kabisa. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya alternateri, na ikiondoka ghafla, umeme unaruka juu sana kwa muda mfupi na kupiga kila kifaa cha elektroniki ndani ya gari.

Kisha pima vifaa ambavyo kalkilateri inavifungulia masi. Injekteri, zinazopuliza esansi, za Toyota hizi kwa kawaida zina ohm 12 hadi 16 zikiwa baridi, na zote nne zinapaswa kukaribiana. Ile inayosoma ohm 2 au 3 inachoma transista ya ndani. Pima pia koili ya valvu ya mzunguko wa polepole, kwa sababu ikipiga shoti huacha doa jeusi kwenye bodi ya kalkilateri, mahali unapoweza kupaona kwa macho.

Fungua kalkilateri ya zamani uitazame. Chumvi ya kijani kwenye pini ni maji: tafuta kioo cha mbele kinachovuja au mitaro ya chini ya waipa iliyozibwa na majani na mchanga mweusi. Ukisikia harufu kama ya samaki na kuona kapasita ndogo za duara zimetoa majimaji chini yake, huenda huhitaji kununua kabisa. Fundi wa redio na televisheni mwenye mkono mzuri anaweza kuzibadilisha: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, daraja la nyuzi joto 105, upande hasi usigeuzwe. Kwanza asafishe majimaji kwa spiriti na aangalie kama hayajala njia za shaba. Majimaji hayo yakiachwa yanaendelea kula hata baada ya kapasita mpya kuwekwa.

Ikibidi kununua, nenda na ya zamani mkononi. Namba ya Toyota kwa kawaida huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata lazima zifanane zote. Soketi kuingia vizuri hakutoshi. Injini ileile ikiwa na gia ya mkono au otomatiki hutumia kalkilateri tofauti, na kwenye gari ambazo kalkilateri moja inaongoza injini na gia, ukiweka ya mkono gia otomatiki haitabadilika. Angalia pia kama gari ina ufunguo wa chipu: pete ya plastiki yenye waya kuzunguka tundu la ufunguo, au taa ya ulinzi inayopepesa. Kama ipo, kalkilateri peke yake haitawasha injini. Muuzaji akupe seti kutoka gari moja, yaani kalkilateri, pete na ufunguo, au umpe fundi wa elektroniki ahamishe data ya chipu ya kumbukumbu kutoka ya zamani. Mkubaliane pia kwamba utairudisha kama haifanyi kazi. Pima injekteri na koili kabla ya makubaliano hayo, kwani ukiiunguza wewe, hana sababu ya kuipokea.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Toa kontakti, fungua nguzo hasi ya betri kwa ufunguo wa 10, na kama gari ina eabegi ngoja angalau sekunde 90. Kalkilateri mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, upande wa kushoto kwa gari za usukani wa kulia, au katikati chini ya redio. Gusa chuma cha bodi kabla ya kuishika. Bonyeza kufuli ya soketi na uvute plastiki, kamwe usivute waya. Angalia kila pini: iliyopinda inyooshe taratibu, yenye kutu isafishe. Funga na mabano yake ya chuma, usiiache ikining'inia juu ya zulia linaloshika maji.

Rudisha betri, weka kontakti, ngoja taa ya injini, ndipo upige stata. Mara ya kwanza mzunguko unaweza kupanda na kushuka. Iache iungurume bila kiyoyozi wala taa hadi feni ya rejeta iwake na kuzimika, kisha iendeshe hadi mji wa Sake na kurudi ikipitia mwendo wa polepole na wa kasi. Ukirudi soma kodi tena na upime volti za betri huku taa kubwa na feni ya ndani zikiwaka. Zisishuke chini ya 13.5 injini ikipewa mafuta kidogo, wala zisipande juu ya 14.7 unapozima kila kitu.