Muundo wa atomu kwa Kidato cha Pili: vizibo vya soda kwanza, mchoro baadaye

Habari za kazi, walimu wenzangu. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha mada hii nilianzia ubaoni: nukta katikati, duara, duara jingine, vinukta juu yake. Wanafunzi walinakili vizuri mno. Ulipokuja mtihani, zaidi ya nusu ya darasa walichora sodiamu yenye elektroni 23 badala ya 11, kwa kuwa 23 ndiyo namba kubwa waliyoiona kando ya Na, alama ya sodiamu. Mchoro waliukariri, lakini atomu yenyewe hawakuielewa. Tangu hapo sichori kitu mpaka wawe wamehesabu kwa mikono yao.

Hapa chini ni hatua ninazofuata. Natumia vipindi vitatu vya dakika 40, wanafunzi wakiwa katika makundi ya watu sita. Kila kundi linahitaji vizibo vya soda 30, kiganja cha choroko, chaki, gololi chache, kipande cha boksi na waya wa shaba wa sentimita 10 uliochunwa plastiki. Vizibo mwombe muuza soda wiki moja kabla, atakuwekea kwenye mfuko.

Hatua ya 1: Kata waya

Kila kundi likate waya katikati, litupe nusu, likate tena nusu iliyobaki. Kwa mkasi mzuri wanafika mara sita, wanabaki na kipande cha milimita moja na nusu hivi. Hapo waulize: tungeendelea, tungekata mara ngapi mpaka tufikie atomu moja ya shaba? Watakwambia milioni, bilioni. Jibu ni kama mara 28 au 29 tu. Acha wapige hesabu wenyewe kwa kugawa kwa mbili, kwa maana hapo ndipo wanapoona jinsi kugawa kwa mbili kunavyoshuka kwa kasi. Pia wanaelewa kwamba atomu ina ukubwa unaopimika, tena ni kipande cha mwisho ambacho bado ni shaba.

Hatua ya 2: Gololi chini ya boksi

Gundisha kitu kidogo, kama jiwe, chini ya kipande cha boksi, kisha inua boksi kidogo kwa vizibo ili gololi ipite. Mwanafunzi asichungulie. Avingirishe gololi kutoka kila upande, atazame zinakotokea, aseme jiwe liko wapi na ni kubwa kiasi gani.

Wakishamaliza, wasimulie kisa chenyewe. Mwaka 1909 huko Manchester, Uingereza, Geiger na Marsden, wakifanya kazi chini ya mwanafizikia Rutherford, walirusha chembe za alfa (chembe ndogo mno zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita kana kwamba hakuna kitu. Chache mno, moja kati ya maelfu, zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatoa maelezo yake: karibu tungamo (wingi wa maada) lote la atomu limekusanyika kwenye kiini kidogo sana chenye chaji, na sehemu iliyobaki ni uwazi. Msiruke kisa hiki kwa kisingizio cha muda. Mtoto aliyevingirisha gololi anajua kwamba hakuna aliyewahi kuchungulia kiini kwa macho, na bado tunajua kipo.

Hatua ya 3: Tokeni nje

Nenda na darasa uwanjani. Weka punje moja ya choroko katikati, kwenye duara la kuanzia mpira. Hicho ndicho kiini cha hidrojeni. Sasa mtume mwanafunzi mmoja awe elektroni. Atembee, apite goli, aendelee mpaka zaidi ya mita 100 kutoka kwenye punje. Mwaka jana msichana niliyemtuma alikuwa ameshafika karibu na barabara, akageuka na kupiga kelele, "Mwalimu, choroko siioni!" Darasa zima likanyamaza. Sikuongeza neno.

Hatua ya 4: Jenga atomu

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo tumia kipindi kizima. Kizibo kilicholala kifudifudi, chapa ikionekana, ni protoni, chembe ya kiini yenye chaji chanya. Kilichogeuzwa ni nyutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji. Ni kizibo kilekile, kwa sababu tungamo la nyutroni na la protoni yanakaribiana sana. Punje ya choroko ni elektroni, yenye chaji hasi. Waambie wazi kwamba choroko bado ni nzito kupita kiasi: kama protoni ingekuwa mfuko wa sukari wa kilo moja, elektroni ingekuwa kama nusu gramu, sukari unayoibana kwa ncha za vidole viwili. Zinahitajika elektroni 1,836 hivi kufikia tungamo la protoni moja.

Chora maduara kwa chaki sakafuni: vizibo vinakaa katikati, choroko kwenye maduara, ambayo ndiyo maganda ya elektroni. Anza na hidrojeni: kizibo kimoja, choroko moja, nyutroni hakuna. Kisha heli, kaboni, oksijeni. Malizia na sodiamu: protoni 11, nyutroni 12, choroko 11 zikiwa zimepangwa 2, 8, 1. Wahesabu vizibo vyote kwa sauti. Ni 23. Hapo ndipo namba ya tungamo inapojieleza yenyewe: ni idadi ya vizibo, na choroko hazimo.

Usiwaruhusu kubomoa bado. Uliza maswali haya matatu, kila mara wakirudisha kitu mahali pake:

- Nikiondoa choroko moja ya nje? Bado ni sodiamu, ila sasa ni ioni, yaani atomu yenye chaji, hapa +1.
- Nikiondoa nyutroni moja? Bado ni sodiamu, isotopu nyingine (elementi ileile yenye idadi tofauti ya nyutroni), sodiamu-22, ambayo ni nururishi, yaani kiini chake huvunjika chenyewe na kutoa mionzi.
- Nikiondoa protoni moja? Wataendelea kusema sodiamu. Waambie wahesabu. Protoni 10 ni neoni, gesi.

Swali la tatu linafanya kazi kuliko maelezo yangu yote ya miaka ya nyuma. Kinachoipa elementi jina ni protoni peke yake.

Hatua hizi zote nazifanya kwa Kiswahili. Majina ya Kiingereza ambayo mtihani utayadai naandika ubaoni mwishoni mwa kipindi, wakati vitu vyenyewe bado viko sakafuni, na kila kundi linanyooshea kidole ninapotaja. Mtoto asibebeshwe lugha ngeni na wazo geni kwa dakika moja.

Hatua ya 5: Sasa mchoro

Wachore kwenye daftari kile walichokijenga. Waeleze kwamba ni picha iliyotokana na kazi ya mwanafizikia Bohr ya mwaka 1913, inayofaa kwa kuhesabu elektroni, na kwamba elektroni hazizunguki kwenye njia nyembamba kama sayari. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Gredi ya 9, Kilifi: Asante mwalimu, hii nitaijaribu. Shida yangu ni kwamba darasa lina wanafunzi 90. Vizibo 450 nitavitoa wapi?

Jibu: Huhitaji vyote. Gawa elementi: makundi matano yajenge atomu ndogo, za hidrojeni hadi kaboni, ambazo hazizidi vizibo 12, na makundi mawili tu yajenge sodiamu. Makundi mengine yawe wakaguzi, yapite na kuhesabu, kisha mbadilishane. Mbegu za ubuyu au mahindi ya rangi mbili yanafaa pia. Kitu kimoja usibadilishe: protoni na nyutroni zilingane ukubwa, elektroni iwe ndogo.

Mzazi, Mwanza: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ameniuliza swali nimeshindwa. Kama protoni zote ni chanya na chaji zinazofanana zinasukumana, mbona kiini hakipasuki?

Jibu: Marahaba. Mpongeze sana, ameuliza swali la wanafizikia. Ni kweli zinasukumana. Lakini zikikaribiana sana, ndani ya kiini, kuna kani nyingine yenye nguvu zaidi inayozivutia, ambayo haifiki mbali. Nyutroni nazo zinavuta kwa kani hiyo bila kusukuma, kwa hiyo zinasaidia kukishikilia kiini. Ndiyo maana viini vikubwa vina nyutroni nyingi kuliko protoni. Na vingine kweli vinavunjika: hiyo ndiyo asili ya unururifu.

Mwanafunzi, Kidato cha Pili, Kigoma: Shikamoo mwalimu. Kwenye kitabu klorini imeandikwa 35.5. Kuna nusu nyutroni?

Jibu: Marahaba. Hapana, nyutroni haigawanyiki hivyo. Klorini zipo za aina mbili: zenye nyutroni 18, jumla 35, na zenye nyutroni 20, jumla 37. Ukichukua atomu 100, kama 75 ni za kwanza na 25 za pili. Zidisha: 75 × 35 ni 2,625, na 25 × 37 ni 925. Jumla 3,550, gawa kwa 100. Ni wastani, kama unavyotafuta wastani wa alama za darasa.

Mwalimu, Tanga: Kalsiamu tunaandika 2, 8, 8, 2. Mwanafunzi wangu amesoma mahali kwamba ganda la tatu linabeba 18. Nimwambie nini?

Jibu: Mwambie amesoma sawa. Ganda la tatu linaweza kubeba 18, ila katika potasiamu na kalsiamu elektroni zinazofuata zinapata nafasi yenye nishati ndogo zaidi kwenye ganda la nne, zinaanzia huko. Nafasi 10 zilizobaki za ganda la tatu zinaanza kujazwa kuanzia elementi ya 21, skandiamu. Ndiyo sababu silabasi inatusimamisha kwenye 20.